Karai la Kichina la chuma, miezi minane jikoni kwangu: maoni yangu baada ya kulipikia kweli kweli

Wadau, hili karai nimekaa nalo miezi minane sasa na sikutaka kuandika mapema, maana chombo cha jikoni wiki ya kwanza kila kimoja kinang'aa na kila mtu anakisifia, shida zinakuja baadae. Nimelipikia mara tatu nne kwa wiki, naona sasa naweza kuongea.

Nnaloongelea ni lile karai ambalo wenyewe wanaliita wok, neno la Kikantoni hilo, lugha ya kusini mwa China. Ni la chuma cha kaboni, sio alumini na sio lile lililopakwa nonstiki, ule mpako wa kuzuia chakula kisishike. Mdomo sentimita 35, unene milimita 1.5, kitako bapa, mpini mmoja mrefu wa mbao na kisikio kidogo upande wa pili, nililipima kwenye mizani likaja kama kilo 1.8, kwaiyo unalinyanyua kwa mkono mmoja bila shida ila likijaa chakula utahitaji kile kisikio.

Kwanini nililinunua? Miaka mingi nilikua napenda chakula cha Kichina na nilikua najaribu kupika nyumbani kwenye fraipani ya nonstiki, na kila siku matokeo ni yaleyale, nyama inatoa maji inaanza kuchemka badala ya kukaangika, karoti zinalainika, pilipili hoho zinakua kama za mchuzi, sosi inaelea. Ladha sio mbaya ila sio ile. Nikawa nafikiri labda kuna kiungo nakikosa, nikanunua machupa kibao, wapi. Kumbe tatizo ni joto jamani. Nonstiki za kawaida hutakiwi kuzipandisha kupita nyuzi 260 hivi, ule mpako unaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya, na haya mapishi yanataka karai tupu lipate moto mpaka lifuke moshi kabla hujaweka kitu. Vitu viwili havipatani.

Sasa siku ya kwanza, hapa ndo watu wengi wanakata tamaa kwaiyo nakaa kidogo. Karai linakuja limepakwa mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu, yale sio ya kula, lazima yatoke yote. Nililisugua na maji ya moto, sabuni na stilwaya ndani nje mpaka maji yakawa masafi. Nikalikausha, nikaliweka kwenye moto mkali, madirisha wazi, nikawa naligeuza geuza kila upande, na hapo unaona kitu kizuri sana, chuma kinabadilika rangi kutoka kijivu kinakua cha njano njano, kahawia, halafu bluu kabisa. Likisha kuwa bluu kila sehemu unapunguza moto, unachukua kitambaa na mafuta kidogo mno ya kupikia unalifuta, unaliacha moto uyakaushe, unafuta tena. Mara tatu au nne. Kinachotokea ni kwamba mafuta yakiwa utando mwembamba kwenye joto kubwa yanashikana na kuwa kitu kigumu kama rangi iliyokauka, ndo yale meusi unayoyaona kwenye makarai ya zamani. Mwembamba nimesema! Mimi mara ya kwanza niliweka mafuta mengi nikiona ndo nalishibisha, yakawa gundi, vidole vinanata, ikabidi nisugue yote nianze upya. Futa mpaka uhisi umeyatoa yote, yaliyobaki ndo yanayotosha.

Na nikuambie tu, wiki mbili tatu za mwanzo litakua na mabaka, halipendezi, mayai yatashika kidogo. Usiliseme vibaya, endelea kulipikia. Mimi lilianza kukaa sawa mwezi wa pili, na sasa hivi ni jeusi linateleza.

Kwenye kupika kwenyewe, wapishi wa Kichina wana msemo wao, karai moto mafuta baridi. Yaani unalipasha tupu, unadondosha tone la maji, likivukia polepole bado, likikimbia kimbia kama kishanga ujue tayari. Hapo ndo unamwaga mafuta, unayazungusha, na unaweka chakula saa hiyohiyo. Ukifanya hivi nyama haishiki, na ukiruka hii hatua itashika hata karai liwe zuri vipi. Mafuta yawe ya alizeti au ya karanga yaliyosafishwa, yanavumilia joto. Mafuta ya ufuta yale meusi yenye harufu usikaangie kabisa, yanaungua na uchungu unabaki, hayo ni matone machache mwishoni ukishazima moto.

Ila sasa kuna jambo moja hakuna karai litakalokufanyia, nalo ni moto wa hotelini. Ile harufu ya moshi mtamu kwenye chakula, Wakantoni wanaiita wok hei, pumzi ya karai, inatokana na majiko yao ambayo moto wake ni mara nyingi ya jiko la nyumbani. Nilihangaika nayo sana. Kilichonisaidia ni kupika kidogo kidogo, na hili ndo ningependa kila mtu alijue hata kama hanunui karai lolote. Nyama gramu 250 basi, unaitandaza, usiiguse kama dakika nzima ipate rangi, unageuza, unatoa. Mboga peke yake, unatoa. Halafu vyote vinarudi na sosi sekunde 30, unapakua. Ukijaza karai kwa sababu una haraka joto linaanguka na umerudi kulekule kwenye kuchemsha. Na mboga ziwe kavu! Ukiosha kausha kabisa, maji yaliyobaki kwenye majani ya kabichi tu yanatosha kukuharibia.

Kitu kingine, kila kitu kiwe kimekatwa na kipo pembeni kwenye vibakuli kabla hujawasha moto. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye karai hili ni sekunde 15 au 20 tu vinaanza kuungua, huna muda wa kwenda kutafuta chupa ya sosi kabatini. Sosi yangu ya siku zote ya watu wawili ni soya sosi nyepesi vijiko vikubwa viwili, sosi ya chaza kijiko kimoja kikubwa, sukari nusu kijiko cha chai, konifulawa kijiko kimoja cha chai na maji vijiko vikubwa vinne. Koroga tena kabla ya kumwaga maana konifulawa inakaa chini. Soya sosi nyeusi ile nzito ni ya rangi, kijiko cha chai kinatosha, ukiimwaga kama nyepesi chakula kinakua cheusi tii. Na chumvi subiri mpaka uonje mwishoni, sosi zenyewe zina chumvi nyingi. Sosi ya chaza watu wanaihusisha na Mchina mmoja, Lee Kum Sheung wa jimbo la Guangdong, mwaka 1888, wanasimulia kwamba alisahau supu ya chaza motoni ikakauka ikawa nzito ya kahawia, akaionja akaipenda. Kwangu hiyo ndo chupa ya kwanza kununua baada ya soya.

Nyama nayo ina siri yake. Kata nyembamba, ukikatiza nyuzi zake, sio kufuata urefu wa nyuzi. Nyama ya ng'ombe gramu 300 naiwekea bekingi soda robo kijiko cha chai, nakanda, dakika 15, naosha, nakausha, halafu soya kidogo na konifulawa na mafuta kidogo. Bekingi soda inapunguza ule uchachu wa nyama na protini zake zinashindwa kukazana zikipata joto, kwaiyo hata kipande cha bei rahisi kinakua laini. Usizidishe tu, ukizidisha unaonja sabuni. Kuku hahitaji hiyo, konifulawa na ute wa yai vinatosha kabisa, vinamfunga maji yasitoke.

Vyakula ambavyo hili karai limevibadilisha zaidi kwangu ni viwili. Cha kwanza kabichi, nisikie vizuri, kabichi tu. Unaichana kwa mikono, usiikate kwa kisu, unaosha unakausha, karai moto, mafuta, pilipili kavu na saumu, kabichi inaingia unageuza kwa nguvu dakika mbili, soya unaimwaga pembeni kwenye ukuta wa karai sio juu ya kabichi ili iungue kidogo itoe harufu, siki kijiko kimoja, zima. Inabaki inalia mdomoni na kingo zimeungua kidogo. Kwenye fraipani sijawahi kuipata hivi hata siku moja.

Cha pili wali wa kukaanga. Wali uwe wa jana uliokaa kwenye friji, kwa sababu wanga wa wali ukipoa unakazana upya na punje zinaachana. Wa moto kutoka sufuriani unakua bonge. Ila ukishapika wali upoze haraka uingie friji, usiuache mezani usiku kucha, kuna bakteria wanaoishi kwenye wali na sumu yao moja haiondoki hata ukikaanga. Mayai kwanza, yatoe, wali, vunja mabonge kwa mgongo wa mwiko, uache ukae ukutani upate joto, majani ya kitunguu mwisho. Umbo la karai ndo linasaidia hapa, kuta zimelala hivyo unarusha na kugeuza na chakula kinarudi katikati chenyewe, hakimwagiki jikoni kote.

Mayai na nyanya, chakula rahisi ambacho Wachina wengi wanakipika majumbani, hapo nina tahadhari. Nyanya zina asidi na zinabandua ule utando mweusi, mimi nilipika wiki ya tatu nikaona karai limerudi kijivu katikati. Siki kijiko kimoja cha kabichi haina shida maana inapita tu, ila nyanya zinakaa zinachemka. Saivi utando umekomaa napika tu, ila naosha hapohapo. Kuchemsha maji kwa ajili ya kupika kwa mvuke nako kunautoa polepole, kwaiyo samaki wa mvuke nampikia kwenye sufuria nyingine.

Kuosha ni dakika moja. Likiwa bado na uvuguvugu, maji ya moto na sponji, sabuni kidogo ukipenda haliharibiki na sabuni, halafu unalirudisha kwenye moto likauke KABISA na tone la mafuta. Kuna ndugu alinisaidia kuosha vyombo akaliloweka usiku mzima, asubuhi kutu ya machungwa ndani yote. Nikasugua, nikalipasha upya, jioni tukalipikia. Nonstiki ikiharibika imeharibika, hili unaliokoa.

Kuhusu kitako, kama jiko lako ni la umeme au la kioo chukua bapa kama langu. La mviringo linayumba kwenye jiko la kawaida na linataka pete yake ya kulikalisha juu ya jiko. Kwenye jiko la indaksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, chuma hiki kinafanya kazi maana sumaku inashika, ila pandisha moto taratibu, ukilipiga joto kubwa ghafla kitako kinaweza kupinda, na pia kuta zinabaki na joto dogo kwa hiyo ile raha ya ukutani unaikosa kwa kiasi. Mwenye jiko la gesi ndo atafaidi zaidi. Na kama huna uwezo wa kufungua dirisha mahali unapopikia fikiria mara mbili, moshi upo, hilo sifichi.

Mtu anayepika hivi mara moja kwa mwezi simshauri, litakaa kabatini lishike kutu, abaki na fraipani yake nzito ya chuma apike kidogo kidogo kama nilivyosema atapata robo tatu ya njia.

Lalamiko langu ni mpini. Mwezi wa nne skrubu ililegea, mpini ukawa unazunguka mkononi wakati karai lina mafuta ya moto, na hiyo sio kero ndogo, ni hatari. Niliwaandikia waliotengeneza wakanijibu baada ya wiki mbili kwamba nikaze. Nimekaza na kuweka washa, kile kipete cha chuma cha kwenye skrubu, tangu hapo limetulia, lakini chombo cha moto kama hiki mpini ulitakiwa upigwe ribiti kiwandani, na ile karatasi ya maelekezo iliyokuja nalo ilikua na mistari minne tu, haikutaja hata kwamba mafuta ya kiwandani yatolewe, fikiria mtu asiyejua akapikia juu yake.

Karai lenyewe nalipa nyota 5. Mpini na ile karatasi vimechukua moja, kwaiyo 4.