Mbegu za nyasi za asili kwa shamba kavu: aina ni nzuri, ila maua ununue kando

Nilinunua mchanganyiko wa mbegu za nyasi za asili kwa ajili ya kipande cha ardhi iliyochakaa upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni: udongo mwekundu uliokauka ukawa na gamba juu, mvua ikinyesha maji yanateleza tu. Gunia lina aina tatu, ambazo Wakamba huziita ndata kivumbu, mbeetwa na nguu. Katika kuchagua aina, muuzaji amepatia. Zote ni nyasi za kudumu, zinavumilia ukame na kushika udongo vizuri. Natoa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizobaki zimepotea kwa sababu mbili.

Kwanza, gunia halina tarehe ya mavuno. Hili si jambo dogo. Ndata kivumbu iliyovunwa juzi huwa bado imelala: hata uimwagilie haioti, inahitaji kukaa kavu miezi sita au zaidi kabla ya kupandwa. Pia ina manyoya, kwa hiyo gunia huonekana limejaa kumbe sehemu kubwa ni maganda. Sugua ganda moja katikati ya vidole viwili. Lenye mbegu utahisi punje ngumu katikati, tupu linabonyea. Kisha panga mbegu 100 kwenye pamba yenye unyevu ndani ya sahani, funika, hesabu zilizoota baada ya wiki mbili. Kiwango cha kawaida ni kama kilo 5 kwa hekta, yaani kilo 2 hivi kwa ekari, lakini zikiota chache ongeza. Nguu huwahi kuota, mbeetwa na ndata kivumbu huchelewa, basi usilime upya kwa haraka.

Upandaji ndipo wengi hupoteza mbegu. Gamba la udongo lazima livunjwe. Kwenye mteremko nachimba makinga maji ya nusu mwezi, upana mita 5 mdomoni na nusu ya hiyo kutoka mdomoni kushuka mteremko (si kina cha shimo), mdomo ukitazama juu maji yanakotoka, udongo ukirundikwa upande wa chini. Safu ya pili ikae kwenye mapengo ya safu ya kwanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili upepo usizipeperushe, zitawanye kabla tu ya mvua za vuli, halafu buruta tawi la miiba juu yake. Zisizame zaidi ya sentimita moja. Ukizifukia kama mahindi, hazitoki. Ukizimwaga mapema mno, sisimizi watazibeba zote.

Sababu ya pili: gunia limeandikwa kwamba ni chakula cha nyuki. Nyasi huchavushwa na upepo na hazina nekta. Zinafaa viwavi wa vipepeo, kwale, kanga na chiriku, na hilo ni jema, lakini mwenye mizinga hatapata asali humo. Nyuki unawapandia maua. Kivumbasi ndicho cha kwanza: mbegu ni ndogo sana, iachwe juu ya udongo bila kufukiwa. Marejea ina ganda gumu, isugue kwa msasa laini na uiloweke usiku kucha. Ua lake linahitaji nyuki mzito wa kulisukuma, ndiyo maana utaona wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wakilitembelea. Baadhi ya aina zake zina sumu kwa mifugo, kwa hiyo ipande nje ya malisho. Shubiri huchanua hata kiangazi na kulisha ndege aina ya chozi pia. Nunua miche kitaluni, usichimbe porini. Acha na vipande vya udongo mtupu, kwani nyuki wengi wasioishi kundini huchimba viota ardhini.

Kabla ya kumwaga mbegu, tandaza konzi chache kwenye karatasi nyeupe utafute punje ndogo nyeusi za gugu karoti. Likiingia shambani kuling'oa ni kazi ya miaka.

Msimu wa kwanza usiingize ng'ombe wala mbuzi. Zungushia miiba hadi nyasi zikomae na kuangusha mbegu. Baada ya hapo kata kwa mundu, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15.