Vinundu vya Roblox Studio: uzoefu wangu kabla na baada ya kuondolewa

Nilianza kujenga michezo ndani ya Roblox Studio enzi ambazo kila tofali jipya lilikuja na vinundu juu, yaani vijiduara vidogo vilivyoinuka, na vishimo chini. Siku hizi ukiongeza tofali unapata uso laini, mtupu. Uchoraji wa vinundu umestaafishwa. Msimbo bado unalitambua neno Studs kwenye TopSurface, sifa inayopanga uso wa juu wa tofali, lakini ukiliandika, machoni hakibadiliki kitu.

Kwa asiyeijua Roblox: ni jukwaa lililofunguliwa kwa umma mwaka 2006 na David Baszucki pamoja na Erik Cassel. Humo watu hawachezi tu, wanajenga michezo yao wenyewe na kuwapa wengine waicheze. Studio ndiyo programu ya kujengea, na ni ya bure.

Wengi wanaovikumbuka vile vinundu huvizungumzia kama pambo la zamani. Mimi naona vilikuwa rula. Kinundu kimoja kilikuwa studi moja, na studi hadi leo ndiyo kipimo cha kila kitu humo ndani. Mhusika hutembea kwa kasi ya studi 16 kwa sekunde, uvutano wa kawaida ni studi 196.2 kwa sekunde kwa sekunde, na nyaraka rasmi zinaihesabu studi moja kuwa mita 0.28. Kipimo kipo palepale. Kilichotoweka ni alama iliyokiweka mbele ya macho yako.

Hasara hii naiona zaidi ninapofundisha watoto. Mhusika wa kawaida ana urefu wa studi kama 5, kwa hiyo mlango wa studi 7 kwenda juu na 4 kwa upana unampitisha vizuri. Zamani mtoto aliinama kwenye skrini, akahesabu vinundu vya sakafu kwa kidole, akajua ukuta wake uishie wapi. Sasa inabidi afungue dirisha la sifa asome tarakimu tatu za Size, na kabla hajaelewa ipi ni urefu na ipi ni kina, hamu imeshapungua. Mtu mzima hazimsumbui tarakimu hizo. Mtoto wa miaka tisa zinamsumbua.

Kulikuwa na jambo la pili. Nyuso zile zilifanya kazi pia: vinundu vikikutana na vishimo, vipande viwili vilishikana. Uso wa Weld uliunganisha, wa Hinge uliruhusu kipande kuzunguka, wa Motor ulikizungusha. Ulitazama uso wa tofali ukajua litafanya nini. Hapa lakini sitetei ya zamani. Vipande vilishikana hata pale usipotaka, kwa sababu tu vimegusana, na kumtafuta aliyemshika mwenzake ndani ya gari lenye vipande vingi kulichosha. Viungo vya sasa, WeldConstraint ya kushikanisha na HingeConstraint ya bawaba, unaviweka kwa kukusudia, unaviona kwenye orodha, unavifuta ukipenda. Ni bora kabisa.

Upande wa sura nao naukubali kwa sehemu. Ukuta wa mbao wenye vinundu chini ya mwanga wa kisasa haukupendeza.

Sasa, ukitaka vinundu virudi, njia ni mbili, na zote nimezitumia sana. Ya kwanza ni kitu kinachoitwa Texture. Unachora kinundu kwenye picha yenye mandhari angavu ili rangi ya tofali ionekane chini yake, unakibandika kwenye uso unaoutaka, kisha unapanga StudsPerTileU na StudsPerTileV, yaani picha moja ifunike studi ngapi kwa kila upande. Uzuri wake ni kwamba unachagua uso mmoja tu, wa juu, kama ilivyokuwa. Ubaya wake ni kazi: kila tofali linahitaji Texture yake, na kwenye ngome ya mamia ya matofali utaandika msimbo wa kukubandikia, la sivyo utakesha.

Njia ya pili ni MaterialVariant, yaani toleo lako mwenyewe la malighafi ya tofali, iliyokuja mwaka 2022. Unaunda aina mpya ya Plastic, malighafi ya kawaida ya tofali, unapakia picha nyeupe ya vinundu ili ichukue rangi ya tofali lolote, unaongeza ramani ya mwinuko, yaani picha inayoufanya mwanga uone uso umeinuka, halafu unaandika StudsPerTile, idadi ya studi ambazo picha moja inafunika. Picha yako ikiwa na vinundu viwili kwa viwili, andika 2. Ukikosea namba hiyo, rula nzima inadanganya. Baada ya hapo MaterialService, sehemu ya Studio inayosimamia malighafi, inaweza kuifanya Plastic yote ya mchezo ivae sura hiyo kwa mara moja. Na matokeo, nasema kwa furaha, yanapita ya zamani: jua likisogea, mng'ao nao unahama juu ya vinundu. Vya zamani havikuwahi kupendeza hivyo.

Kasoro yake ni kwamba inavaa pande zote sita. Kuta zinajaa vinundu ubavuni. Pia kwenye simu za bei nafuu, ambazo ndizo watoto wengi wa kwetu wanachezea, kiwango cha michoro kikishuka mwinuko unafifia. Dawa niliyoipata ni kuchora kivuli chepesi cha kila kinundu kwenye picha yenyewe, kisitegemee mwanga.

Kwa hiyo nazichanganya: MaterialVariant kwa sakafu na viwanja, Texture kwa vilele vya matofali machache yanayoonekana sana, kuta naziacha laini. Faili la kuanzia ninalowapa watoto lina sakafu hiyo tayari, kinundu kimoja kwa studi moja, na wamerudi kuhesabu kwa kidole. Ukiwa na mdogo wako nyumbani anayetaka kujenga, mtengenezee sakafu hiyo kwanza, kabla hajagusa ukuta wowote.