Seti ipi ya treni ndogo ya mfano inunuliwe kwa ajili ya kujenga reli nyumbani na kuirekodi: mwongozo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam

Mnunuzi wa seti ya treni ndogo ya mfano kwa kawaida huvutwa na picha ya kichwa cha treni iliyo juu ya boksi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayekusudia pia kurekodi video za treni hiyo ikitembea, mambo yanayopaswa kuamua ni mengine kabisa: volti za kifaa cha umeme kinachokuja na seti, madini yaliyotengenezea reli, na uwezo wa injini kwenda polepole bila kusitasita. Nimezipanga seti kwa kufuata hayo matatu. Nafasi ndani ya chumba nimeiweka ya nne, kwa kuwa ubao wa kuwekea reli unaweza kukatwa na kupunguzwa, lakini injini mbovu haipunguzwi ubovu wake.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya OO ya Uingereza au ya HO ya bara la Ulaya, mfano za kampuni ya Hornby kwa upande wa OO na Piko au Roco kwa upande wa HO. HO ina uwiano wa 1:87, yaani treni ya mfano ni ndogo mara 87 kuliko halisi, na OO ina uwiano wa 1:76, na zote hutembea juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Seti hizi zimetengenezwa kwa umeme wa volti 230, ambao ndio wetu, na plagi ya Uingereza ya pini tatu huingia katika soketi zetu moja kwa moja. Ile ya Ulaya huhitaji adapta tu. Reli zake kwa kawaida ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo haipati kutu kama chuma, na katika mji ambao hewa ya bahari hufika Msasani, Kigamboni na Mbezi Beach bila kubisha hodi, hilo si jambo dogo.

Kuna sababu nyingine inayohusu kamera. Macho ya mtu aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni huwa karibu sentimita 160 kutoka chini, na katika uwiano wa OO kimo hicho ni sentimita 2.1. Simu ikigeuzwa kichwa chini, lenzi yake hukaribia kimo hicho, na treni inayopita huonekana kama anavyoiona abiria, si kama anavyoiona ndege. Katika uwiano wa N, ulio mdogo zaidi, kimo hicho hushuka hadi sentimita moja, na simu nyingi hushindwa kufika hapo.

Anayetaka kuigiza reli ya SGR ana sababu ya kuipendelea HO kuliko OO, maana upana halisi wa SGR ni milimita 1,435, ambao ukigawanywa kwa 87 hutoa 16.5 kamili. OO kwa hesabu hiyo ingehitaji reli ya karibu milimita 18.8, kwa hiyo treni zake hukaa juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili, kasoro inayoonekana hasa ukirekodi treni ikikujia uso kwa uso. Mpenzi wa TAZARA, ambayo upana wake ni milimita 1,067, ana hesabu tofauti: reli hiyohiyo ya milimita 16.5 humfaa akijenga mabehewa yake mwenyewe kwa uwiano wa 1:64, kazi ambayo simshauri anayeanza.

Tahadhari moja ndani ya kundi hili ni Märklin ya HO. Hutembea vizuri sana, kwa kuwa umeme huupata kupitia vinundu vilivyo katikati ya reli, lakini vichwa vyake havichanganyiki na vya kampuni nyingine zinazotumia reli mbili, na mnunuzi hujifunga kwao moja kwa moja.

Gharama ya chaguo hili la kwanza ni nafasi. Kona ya kawaida ya Hornby ina nusu kipenyo cha milimita 438, hivyo mzunguko wa reli huhitaji ubao wa upana wa angalau mita moja. Karatasi ya plaiwudi ya futi nne kwa nane inatosha kwa raha, na seremala wa Keko anaweza kuikata vipande viwili vya mraba vinavyopita mlangoni, akaviwekea fremu ya mbao za mbili kwa mbili. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni laini na rahisi kukata, lakini ikinyonya unyevu huvimba na viungo vya reli hupanda. Chagua plaiwudi, na uipake rangi pande zote mbili.

Nafasi ya pili ni N ya Japani, hasa Kato na Tomix. Kama unaishi katika chumba kimoja cha kupanga, ipandishe iwe ya kwanza. Reli yake ni ya milimita 9, kona ndogo ya Kato yenye nusu kipenyo cha milimita 249 hukaa juu ya ubao wa upana wa sentimita 60, na ubora wa injini ni wa kuaminika. Tatizo ni umeme: kifaa cha seti iliyokusudiwa soko la Japani huwa cha volti 100. Soma kibandiko kilicho nyuma yake; kama hakikuandikwa 100–240, usikichomeke ukutani bila transfoma ya kushusha umeme. Vumbi nalo huisumbua N zaidi, kwa kuwa magurudumu yake ni mepesi na chembe ndogo tu hukata umeme.

Ya tatu ni seti ya HO kutoka Marekani. Ina tatizo hilohilo la umeme, safari hii volti 120, na katika baadhi ya seti za bei nafuu reli ni za chuma. Bachmann, kwa mfano, huuza reli zenye msingi mweusi ambazo ni za chuma, na zenye msingi wa kijivu ambazo ni za aloi niliyoitaja. Ukinunua kwa mtu, nenda na sumaku: ikinata kwenye reli, hicho ni chuma, na kutu inakusubiri.

Ya mwisho ni seti za betri zinazouzwa kama vitu vya kuchezea vya watoto Kariakoo. Mtoto atazifurahia, lakini nyingi zina mwendo mmoja tu.

Kabla ya kulipia injini yoyote, iombe itembee sentimita sita kwa sekunde, sawa na takriban kilomita 20 kwa saa katika HO. Ikisitasita juu ya reli safi, iache. Kwa usafi wa reli tumia kitambaa na alkoholi ya isopropili, kamwe si msasa, kwa kuwa mikwaruzo yake hushika uchafu. Anayeagiza kutoka nje akumbuke kwamba VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kujumlisha usafirishaji, bima na ushuru wa forodha.

Kamera isikusumbue, simu uliyonayo inatosha, na lenzi yake ndogo huonyesha kwa ukali kitu cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Tumia fedha hizo kununua taa mbili nzuri za LED. Kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, taa dhaifu huacha mistari inayotembea juu ya picha. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100, nayo hupotea. Zima feni wakati wa kurekodi, maana hutikisa miti ya plastiki na kuingia katika sauti.