Programu za ndani ya televisheni au kijiti cha pembeni: uzoefu wangu Lubumbashi

Nyumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air hapa Lubumbashi, televisheni ni moja lakini njia za kufikia YouTube na Netflix ni mbili: programu zilizokuja ndani ya televisheni yenyewe, na kijiti cha Android TV (mfumo wa Google wa televisheni) kilichochomekwa nyuma yake kwenye tundu la HDMI. Nimeishi na njia zote mbili kwa muda wa kutosha kuona kila moja inapobanwa na umeme wetu, na bei ya mega (data ya intaneti tunayonunua), na umri wa kifaa chenyewe. Msimamo wangu ni kwamba televisheni inunuliwe kwa ajili ya kioo chake, na kazi ya intaneti ikabidhiwe kifaa kidogo kinachoweza kubadilishwa bila kuigusa televisheni.

Televisheni hiyo ni ya inchi 43, ilinunuliwa mjini ikiwa mpya, na picha yake mpaka leo haina dosari. Kilichozeeka ni kile kilicho nyuma ya kioo. Ukibonyeza kitufe cha YouTube kwenye rimoti, kioo kinakuwa cheusi, nembo inajitokeza, inapotea, inarudi. Ukianza kuandika jina la wimbo, herufi ya kwanza inaonekana wakati kidole kimeshafika ya nne. Kisha unakuja ujumbe kwamba nafasi imejaa, ingawa hakuna mtu aliyepakua kitu. Sababu inaeleweka: televisheni nyingi za bei ya kati huuzwa zikiwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 1 au moja na nusu, pamoja na hifadhi ya gigabaiti 8, na sehemu kubwa ya hifadhi hiyo humezwa na mfumo wenyewe kabla mnunuzi hajafungua katoni. Programu hunenepa kila zinaposasishwa, ilhali kilichomo ndani ya televisheni hakiongezeki.

Kioo kizuri kinaweza kudumu miaka kumi, lakini watengenezaji huacha kutuma masasisho mapema zaidi, kwa kuwa wameshahamia kwenye matoleo mengine. Aprili 2015, Google ilipofunga mfumo wa zamani ambao programu za YouTube zilitumia kuwasiliana na seva zake, televisheni na vifaa vingi vya mwaka 2012 na kurudi nyuma vilipoteza YouTube. Desemba 2019 Netflix nayo ikaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011, na kwenye vifaa vya mwanzo vya Roku, kampuni ya Marekani ya vifaa vya pembeni. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu televisheni haitupwi: ikichoka sebuleni huhamia chumbani, halafu hupewa mdogo wetu anayeanza maisha.

Kijiti ninachotumia ni Xiaomi TV Stick 4K, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Hifadhi yake ni gigabaiti 8 tu, kwa hiyo anayetaka kukijaza michezo atabanwa upesi. Kwa kutazama video, hata hivyo, kinanitosha: YouTube inafunguka bila kunisubirisha, na utafutaji kwa sauti unaelewa Kifaransa, hivyo watoto wanataja jina la mwanamuziki na matokeo yanakuja. Wasiwasi wa kuwa na rimoti mbili uliondoka nilipowasha HDMI-CEC kwenye mipangilio ya televisheni, kipengele ambacho Samsung hukiita Anynet+ na LG hukiita Simplink. Tangu hapo rimoti ya kijiti inawasha televisheni na kuizima.

Sasa umeme, ambao hapa kwetu ndio mtihani wa kifaa chochote. Kijiti hiki kinahitaji volti 5 na ampea 1. Tundu la kawaida la USB nyuma ya televisheni, likifuata kiwango cha USB 2.0, hutoa nusu ya ampea hiyo. Wengi huchomeka hapo kwa sababu waya unafika na soketi za ukutani ni chache. Menyu inaonekana vizuri, lakini mara video inapoanza kijiti kinajizima na kujiwasha upya. Mwenye nacho hudhani ameuziwa kibovu, akakirudisha dukani kwa ugomvi usio na sababu. Dawa ni kutumia adapta yenye nguvu inayotakiwa, na kuichomeka kwenye stabilaiza ileile inayolinda televisheni, kwa sababu umeme ukikatika hurudi na kishindo. Hapo nauona uzuri mwingine wa kutenganisha vitu hivi viwili: kishindo hicho kikiunguza kijiti, umepoteza kijiti, kikiunguza bodi ya televisheni, programu na picha vimekwenda pamoja.

Umeme unagusa saa pia. Vifaa vya namna hii kwa kawaida havina betri ya kutunza wakati, hivyo vikizimika kabisa husubiri intaneti iviambie tarehe. Intaneti ikichelewa, televisheni inaamka ikiamini kwamba tuko mwaka mwingine, na programu zinakataa kufunguka zikidai hakuna mtandao, wakati simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inafanya kazi bila shida. Kinachotokea ni kwamba vyeti vya usalama, ambavyo seva huonyesha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, hukaguliwa kwa tarehe, na tarehe isiyo sahihi hufanya cheti kisicho na tatizo kionekane si halali. Mtu akiingia kwenye mipangilio, akazima saa inayojirekebisha yenyewe na kuandika tarehe kwa mkono, kila kitu hurudi. Nimeona jirani akimwita fundi na kumlipa kwa ajili ya jambo hilo, na bado hakuelezwa tatizo lilikuwa nini.

Kwa upande wa mega, Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida inaweza kutumia hadi gigabaiti 1, picha ya HD hadi 3, na 4K hadi 7. Kwa familia inayowasha intaneti kutoka kwenye simu ya baba au ya yaya (kaka au dada mkubwa), filamu moja ya jioni inaweza kumaliza kifurushi cha juma zima. Netflix ina mpangilio wa kupunguza matumizi mpaka karibu gigabaiti 0.3 kwa saa, na mpangilio huo hufanywa kwenye akaunti, kwa hiyo unafanya kazi kwenye televisheni na kwenye kijiti sawasawa. Tofauti inaonekana kwingineko. Kijiti nimekiamuru kitoe picha ya 1080p (HD kamili) badala ya 4K, na programu haina tena sababu ya kuvuta zaidi ya hapo, wakati programu za ndani ya televisheni huona kioo chote na kujihudumia. Kadhalika kijiti kinapokea Wi-Fi ya 5 GHz, ilhali televisheni yangu inaijua 2.4 GHz peke yake, masafa ambayo mtaani kwetu yamejaa modemu za majirani. Kwa njia yoyote utakayochagua, zima ile tabia ya video kujiendeleza yenyewe baada ya moja kuisha, kwa sababu mtu akisinzia kwenye kiti mega zinaendelea kukatwa.

Tahadhari yangu kubwa ni juu ya maboksi yasiyo na jina la kueleweka. Muuzaji atakuambia, "Papa, humu kila kitu kimo, hata abonema, ile ada ya kila mwezi, hulipi tena." Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama alionyesha kwamba boksi aina ya T95 lilikuwa limeuzwa likiwa tayari na programu hasidi ndani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa kwa namna hiyo, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Vifaa hivyo hubofya matangazo kwa siri na kupitisha kazi za wahalifu kwenye intaneti ya mwenye nyumba. Kwa mtu anayenunua mega kwa fedha ya jasho, huko ni kuibiwa kila siku sebuleni kwake. Aidha, maboksi mengi ya aina hiyo hayana kibali cha Netflix, kwa hiyo hata akaunti halali huonyesha picha ya 480p tu, yaani ya ubora wa chini, juu ya kioo cha 4K. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hapa, wakisikia nasifu kifaa cha pembeni, hukimbilia boksi la bei ya chini kuliko yote.

Hata vifaa vyenye jina havidumu milele. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurushia video kwenye televisheni, ziligoma duniani kote kwa sababu cheti kilichomo ndani yake kilikuwa kimeisha muda, na ilibidi Google itume rekebisho. Ndugu akikuletea kifaa kutoka Marekani, hasa Roku, kinaweza kuwa hakikuandaliwa kwa nchi yetu kabisa, na duka lake la programu likakufungia mlango. Kwa mpira wa moja kwa moja naendelea kutumia dekoda, maana picha ya intaneti huchelewa sekunde kadhaa, na jirani hushangilia bao la Mazembe kabla mshambuliaji wangu hajapiga.

Wapo pia ambao singewashauri kununua kijiti. Mama mkwe wangu, kule Likasi, anatazama misa na nyimbo za kwaya kwenye YouTube ya televisheni yake, ambayo bado ni mpya na nyepesi. Rimoti moja anaifahamu, na sioni sababu ya kumvuruga mpaka hapo programu hiyo itakapoanza kugoma.

Anayekwenda kununua televisheni ageuze upande wa nyuma na kuhesabu matundu ya HDMI kabla ya kusikiliza sifa za programu. Dekoda inachukua tundu moja, kijiti la pili, na spika ya nje inayounganishwa kwa HDMI inahitaji lile lililoandikwa ARC, linalotoa sauti ya televisheni. Yenye tundu moja tu itamlazimu kuchomoa na kuchomeka kila siku, na matundu hayo hulegea haraka.