Kozi ya kuwa godhi: historia safi, mambo ya watu bado

Nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya kumwandaa mtu kuwa godhi, yaani kiongozi wa ibada wa dini ya kale ya Skandinavia iliyofufuliwa, mwanamke wanamwita gidhya. Upande wa historia hapo wamepatia kwa kweli, walieleza jinsi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake walivyoanzisha chama chao Iceland 1972 serikali ikakitambua 1973, na mwalimu hakutuficha kwamba Snorri, mwandishi wa Iceland aliyeandika zile hadithi za miungu karne ya 13, alikuwa Mkristo, kwa hiyo mengi tunayofanya leo ni kuungaunga tu. Wabaguzi wanaojificha nyuma ya alama za runi, zile herufi za kale za Skandinavia, nao waliwasema waziwazi, nikapenda.

Vitendo ndo raha sasa. Sumbeli, yaani ibada ya kunywa kwa zamu, pembe ya kunywea inazunguka, raundi ya miungu, ya wahenga, halafu ya viapo, mi nikainua ncha ya pembe juu kama mjuaji, hewa ikaingia, pombe ya asali ikanirukia puani! Kumbe unailaza kwa ubavu. Mbona hawakusema kabla?

Kilichoniudhi ni somo la kukaa na wafiwa, dakika ishirini tu basi, wakati viapo tumechambua wiki mbili nzima. Mtu akikupigia usiku analia utamsomea runi? Na cheti chao hakikupi ruhusa ya kufungisha ndoa, hiyo inategemea sheria za nchi, wao wameiandika chini kabisa kwa herufi kama sisimizi. Nyota tatu, tena ya tatu ni ya mwalimu wa historia.