Wakili wa Mwanga aliyenizuia kukata rufaa, nampa nyota nne

Wale mnaouliza wakili wa mambo ya simu hapa Kigoma, mimi nimeenda ofisi moja ndogo pale Mwanga, ghorofani juu ya duka la vitenge, jina nitawapa inbox maana sijamuomba ruhusa. Nilifika nimefura kwelikweli. Laini yangu ya uwakala wa pesa imefungwa siku 19, mtandao siutaji, kila nikipiga naambiwa "tunalifanyia kazi" huku wateja wangu wa dagaa Kibirizi wananihama mmoja mmoja. Nikamwambia yule dada wakili nataka kukata rufaa, tena leoleo.

Akaniuliza, "Kaka, rufaa ya uamuzi upi?"

Nikakosa jibu. Kumbe TCRA kwenyewe, wale wasimamizi wa mawasiliano, sijawahi kupeleka hata karatasi moja, sasa wangekuwa wameamua nini? Akageuza bahasha akanichorea kwa peni: unaanza na mtandao wenyewe, kwa maandishi siyo kupiga simu, wakikuzungusha unapeleka malalamiko TCRA, wao wakitoa uamuzi usioridhika nao ndo unakwenda Baraza la Ushindani, ile FCT, iliyoanzishwa kwa sheria ya ushindani ya 2003 na mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu. Mi nilidhani FCT ni ya makampuni makubwa yanayonunuana, kumbe hadi rufaa za EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, zinaenda hukohuko. Akasema siku za kukata rufaa zina ukomo, kwa hiyo barua ya uamuzi ikifika andika juu yake tarehe uliyoipokea, na bahasha usitupe. Hapo ndo nikamwamini.

Shemeji alishanishauri nikimbilie mahakama ya wilaya. Dada anasema mtandao wangeniwekea pingamizi la awali, yaani kesi haipaswi kuanzia pale, nirudishwe mwanzo na gharama juu.

Ushauri elfu 30, barua ya malalamiko elfu 20. Na hakunificha, ikifika FCT bei ni nyingine kabisa, akaniambia nipige kwanza hesabu ya kamisheni nilizopoteza nione kama inalipa.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya karani. Nimekaa kwenye benchi saa 2 nzima, anachapa kwa vidole viwili, jina langu kakosea mara mbili, halafu kopi moja ni shilingi 500 wakati stationery ya chini hapohapo ni 100. Kopi zako toa chini kabla hujapanda, na uwahi asubuhi, mchana wakili anakuwa mahakamani.