Duka la Goma Ambamo Maharage ya Zamani Huitwa ya Zamani

Nyuma ya soko la Virunga, hapa Goma, kuna kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu, ambamo mama mmoja wa makamo huuza maharage, mchele, unga wa muhogo, mawese na sambaza wakavu, yaani samaki wadogo. Kibanda hicho hakina jina. Katika mji ambao muuza vocha huandika Dieu Merci juu ya mlango na kinyozi hujiita Jehova Jire, nilidhani mwanzoni kwamba mama huyu alikosa pesa za kumlipa mchoraji. Baada ya kununua kwake kwa miezi minane, naona kwamba hakuwa na haja.

Nianze na maharage, kwa sababu ndiyo yaliyonipeleka kwake. Kila anayepika Goma anajua kwamba hasara ya maharage ya zamani haimo katika bei yake bali katika makala, yaani makaa ya kupikia: yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu, rangi yake hufifia, na sufuria inaweza kukaa jikoni tangu mchana hadi usiku huku yanageuka tu ndani ya maji. Mchuuzi mmoja sokoni, ambaye sitamtaja, aliniapia kwa jina la Yesu kwamba yake yalikuwa yametoka Rutshuru juma lile lile. Tuliyala saa nne usiku, yakiwa bado yanalia chini ya meno, na watoto walikuwa wamekwisha kulala. Kesho yake nilipofika kwenye kibanda cha buluu na kuingiza mkono katika gunia la bei nafuu, mama alisema kabla sijauliza lolote: "Papa, hayo ni ya msimu uliopita. Uyaloweke tangu jioni, la sivyo utamaliza makala. Mapya ni haya, lakini ni faranga 200 zaidi kwa kopo." Nilinunua mapya. Yaliiva kabla ya jua kuzama.

Katika Mathayo 5:37 Yesu anawaambia wanafunzi wake: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu," na Yakobo analirudia agizo hilo katika sura ya tano ya waraka wake. Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi kama katazo la kuapa tu, kana kwamba mtu akiacha kusema "haki ya Mungu" amekwisha kutii. Mbele ya magunia ya mama huyu nililiona kwa upande wake wa pili: kiapo huhitajika pale ambapo neno la kawaida limekwisha kuchakaa, na anayeapa juu ya kila kopo la maharage anakiri, bila kujua, kwamba neno lake tupu halina mnunuzi. Mama huyu sijamsikia akiapa hata mara moja.

Kopo lake la kupimia linastahili kutajwa. Wenyeji wanazijua hila za kopo: kitako kilichobonyezwa kwa ndani, au kidole gumba kinachobaki ndani wakati wa kujaza. Lake amelilaza juu ya meza, kitako kikimtazama mteja, nacho ni sawasawa kama siku lilipotoka kiwandani. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," inasema Mithali 11:1, na nionavyo mimi kopo nalo ni mizani.

Kuhusu mchele, siku moja nilikuta gunia zima limewekwa nje. Maji ya mvua yalikuwa yamelifikia, nao ulikuwa umeanza kushikana vipande vipande na kunuka uvundo. Kijana mmoja alijitolea kuuanika na kuuchanganya na mzuri, jambo ambalo macho yasingelitambua, lakini mama alikataa. Katika mji huu jambo hilo si dogo. Floribert Bwana Chui, kijana wa hapa Goma aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, aliuawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26, baada ya kukataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie watu, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Simlinganishi mama muuzaji na shahidi. Nasema tu kwamba nililiangalia gunia lile la nje nikamkumbuka.

Hata hivyo nampa nyota nne, si tano. Ukweli wake wakati mwingine hutoka bila kuvikwa nguo. Nilikuwapo msichana mmoja alipoonyesha kwa kidole sambaza wa bei ya chini kabisa, naye akajibiwa kwa sauti, mbele ya watu: "Hao ni wa kulisha kuku." Yalikuwa maneno ya kweli, kwa kuwa walikuwa vumbi zaidi kuliko samaki, lakini msichana aliondoka ameinamisha kichwa bila kununua chochote. Paulo, katika Waefeso 4:15, anasema tuishike kweli katika upendo, na siku ile nusu ya pili ya agizo hilo haikuonekana kibandani.

Nami sikubaki mtazamaji tu. Tangu benki za hapa zilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, pesa mkononi zimekuwa shida, na jioni moja niliomba makopo mawili ya unga, nikajipapasa mifuko, nikasema kwamba nimeisahau pesa nyumbani. Mama alinitazama. "Umesahau, ao hauna?" Nilikaa kimya kwa muda ulionichosha, nyuma yangu watu wawili wakisubiri, kisha nikasema, "Sina, mama." Akajaza kopo moja. "Hili nitakungojea mpaka siku ya kwanza. La pili siwezi." Nilirudi siku hiyo ya kwanza, yaani Jumatatu, na kulipa kwa noti ambazo alizikagua moja baada ya nyingine kwenye mwanga, akairudisha moja iliyochanika.

Kwa anayetaka kwenda: Jumamosi hafungui, kwa sababu ni siku yake ya ibada. Afadhali kufika kabla ya saa sita mchana, ukiwa na mfuko wako na noti zisizochanika. Gunia lililo mlangoni, lenye kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa YA ZAMANI, ndilo la bei nafuu.